Uzoefu Usiopungua Miaka Mitatu

Kiatu cha kulia kilikuwa kikubwa zaidi ya cha kushoto, jambo ambalo hakuna fundi viatu duniani angekiri. Jovelyn Sumalpong alikuwa amekishindilia gazeti puani, na gazeti lilikuwa limelowa jasho likawa uji. Viatu vilikuwa vya binamu yake Rhoda, muuza vipodozi katika duka kubwa la mjini, na Rhoda alikuwa na zamu ya mchana. Kwa hiyo usaili huu, uwe wa kazi ya maktaba au wa upapa, ulitakiwa uishe kabla watu hawajaanza kunusa chakula cha mchana.

Tangazo lilibandikwa ukutani mbele ya benchi lake. Chuo kilihitaji Msaidizi wa Maktaba, ngazi ya kuanzia. Mwombaji awe mhitimu wa karibuni. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Awe na leseni ya ukutubi. Ajue kompyuta, ajue kuchapa, ajue kuikwamua mashine ya kunakili inapotafuna karatasi. Awe na haiba ya kupendeza na kimo cha kuridhisha. Awe tayari kufundisha mazoezi ya viungo mwalimu akiugua. Mwenye kupiga gitaa misani atafikiriwa kwanza. Watu wazima wenye miwani walikuwa wamekaa kikao, wakaafikiana juu ya maneno hayo, wakayagongea mhuri.

Jovelyn alilisoma bila kucheka. Mwaka mzima alikuwa akisoma matangazo ya namna hiyo katika kila mji wa pwani ile, na kila mahali aliambiwa kwamba ni mtoto mzuri, ana leseni nzuri, arudi akishapata uzoefu. Hakuna aliyemwambia uzoefu huo unagawiwa dirisha gani. Mama yake alikuwa ameuza cherehani ili Jovelyn avuke bahari kwenda mji wa Cebu kusomea mtihani wa leseni. Sasa mama aliuza wali wa kunata uliofungwa kwa majani ya mgomba, na kushona kwa mkono kwenye mwanga wa mlangoni. Na huko Hong Kong, Shangazi Bebang alikuwa amemwekea nafasi ya uyaya katika nyumba ya jirani wa tajiri wake. Wakala wa ajira alikuwa anasubiri jibu. Mama alikuwa amesema jambo moja tu kuhusu habari hiyo: cherehani hakuiuza ili mtu akaoshe vyoo vya Wachina.

Aliyemsaili, Mama Pacing, mkuu wa watumishi, alikuwa mwanamke mnene mwenye feni ndogo ya betri ambayo aliielekeza shingoni mwake hata alipokuwa akiuliza maswali.

"Umehitimu lini, binti?"

"Mwaka jana, mama."

"Na uzoefu wa miaka mitatu umeuacha wapi?"

Jovelyn akajibu kwa heshima zote kwamba mtu aliyehitimu mwaka jana hawezi kuwa na uzoefu wa miaka mitatu. Mama Pacing akasema hilo si kosa la chuo. Akamwuliza kimo chake. Akamwuliza kama ana mchumba, maana wasichana wenye wachumba huanza kazi leo, kesho wako kliniki ya wajawazito. Akamwambia asimame, ageuke, akae. Kisha akafunua faili kwa kidole kimoja, kivivu, na kidole kikasimama.

Ilikuwa leseni.

Akaifikisha karibu na macho. Akaupapasa mhuri wake. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayepima noti. "Hii ni ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Ya kwako?"

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mama Pacing alizima feni, akatoka. Akarudi na mkurugenzi mwenyewe, Daktari Hermogenes Villacorte, mzee nadhifu aliyenukia sabuni, ambaye baba yake alikijenga chuo na ambaye sura yake ilikuwa kwenye kalenda ya kila chumba. Mkurugenzi akampa mkono. Soda ikaletwa, na mrija.

"Mwanangu," akasema, "uzoefu ni kitu cha moyoni. Wewe nikikutazama tu naona miaka mitatu."

Akaajiriwa hapo hapo. Cheo hakikuwa tena msaidizi, kilikuwa Mkutubi Mkuu, ingawa mshahara, Mama Pacing alifafanua, ungebaki wa msaidizi kwa sababu bajeti ilipitishwa kabla Jovelyn hajapandishwa cheo. Mkataba wangemwandikia wageni wakishaondoka. Wageni hao walikuwa wakaguzi wa ithibati, na bila ithibati chuo kisingesajili wanafunzi wapya. Sheria ilitaka maktaba yenye vitabu vipya na mkutubi mwenye leseni. Sisi hapa ni familia, akasema mkurugenzi, akaichukua leseni ili wakaitie fremu.

Jovelyn alirudi nyumbani na mrija mdomoni. Mama alilia, akatua ungo wake wa kichwani, akafunga biashara kwa siku hiyo, akawagawia majirani wali bure. Jovelyn alikula na kushangilia pamoja nao, lakini jambo lile lilimkaa kooni. Mlango uliokataa kufunguka mwaka mzima ukifunguka ghafla kabla hujabisha, mtu mwenye akili hutazama kwanza nani yuko nyuma yake.

Leseni ilitundikwa ukutani mwa maktaba, katikati ya sanamu ya Mtoto Yesu na kizima moto. Chini yake waliweka picha ya Jovelyn ya mahafali, imekuzwa hadi ukubwa wa mgombea ubunge. Mpiga picha alikuwa amemwambia atoe meno yote, naye alitii. Maktaba yenyewe ilikuwa na rafu nyingi na vitabu vichache, vingi vikiwa ni vya mahesabu ya zamani na vya maisha ya watakatifu, vyote vikinuka panya.

Wiki iliyofuata likaja lori. Vikashushwa vitabu vya uuguzi, vya utalii, vya kompyuta, vizito na vya kung'aa, kila kimoja ndani ya nailoni yake. Jovelyn alivishika kama mtu anavyoshika mtoto wa mwenzake. Aliuliza kama anaweza kuvifungua aanze kuviingiza kwenye orodha ya maktaba. Mkurugenzi alikuwa akipita mbio na fundi rangi.

"Vumbi, mwanangu. Acha nailoni zao."

"Lakini wageni wataviona vya dukani, mkurugenzi."

"Basi fanya unavyojua. Vionekane vyetu." Akaendelea kubishana na fundi kuhusu rangi ya kijani.

Neno hilo Jovelyn alilihifadhi. Kilichomtia wasiwasi wakati huo kilikuwa mlinzi.

Mzee Isko, mlinzi wa geti, hakuyatupa maboksi yaliyoleta vitabu. Katika nchi ambayo boksi likitupwa halifiki chini kabla halijaokotwa, hilo peke yake halikuwa la ajabu. Lakini Mzee Isko aliyakunjua moja moja, akayapanga kwa ukubwa, akayafunga kamba, akayaficha nyuma ya jenereta chini ya turubai. Jovelyn akamwuliza ni ya nini.

"Maboksi mazuri haya, dada. Huenda yakahitajika."

"Na nani?"

Mzee akatazama jenereta. Akasema kwamba siku hizi mvua haitabiriki.

Mchana mmoja Jovelyn akamkuta ndani ya maktaba, mbele ya rafu mpya, akinyoosha kidole kwenye vitabu na kunong'ona hesabu. Alipomwona Jovelyn akaanza kufuta vumbi kwa kofia yake. Siku nyingine akamsikia kwenye simu akimwambia mtu kwamba lori lije upande wa nyuma, lisipitie getini, watu wasione. Hapo Jovelyn hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mwizi alikuwa amekwishapimia mzigo maboksi.

Na aliujua mwisho wa habari za namna hiyo. Kitabu kikipotea, anayelipa ni mkutubi. Mwalimu wake wa chuo kikuu, mwanamke aliyemfundisha kuainisha vitabu, alistaafu na kuzuiwa kiinua mgongo chake kwa sababu ya vitabu ambavyo wanafunzi walikwenda navyo miaka ya nyuma. Alikufa bado anapanda ngazi za ofisi kukidai. Jovelyn alijaribu kumdokezea Mama Pacing kwamba mlinzi atazamwe. Mama Pacing akamtazama yeye, muda mrefu, feni ikivuma.

"Wewe shughulika na haiba yako," akamwambia.

Kwa hiyo Mama Pacing naye yumo. Ndivyo Jovelyn alivyofikiri, na fikra hiyo ilimkaa vizuri kama kofia iliyoshonwa kwa kichwa chake.

Alifanya kile ambacho kila mkutubi hufundishwa kufanya, na ambacho mwizi wa vitabu hukichukia kuliko polisi. Kwenye droo kulikuwa na mhuri wa maktaba, mkubwa, wa duara, wenye jina la chuo na maneno Mali ya Maktaba. Alichukua pasi ya umeme kutoka darasa la ushonaji. Siku tatu, wakati watu wakila na kusinzia, alifungua nailoni kwa wembe, akagonga mhuri kwenye ukurasa wa jina, kisha akagonga tena ndani, kwenye ukurasa wa siri. Kila maktaba huchagua ukurasa wake wa siri, ili hata mwizi akichana ule wa mwanzo bado kitabu kimtaje mwenyewe. Jovelyn alichagua ishirini na tatu, umri wake. Kisha akairudisha nailoni, akaiziba kwa ncha ya pasi, polepole, ulimi nje. Ungetazama usingejua kwamba kitabu kimeguswa. Vidole vyake vilikuwa vya zambarau, na kwa mara ya kwanza tangu ahitimu alijiona yuko kazini.

Wageni walikuja watatu. Aliyetumwa maktaba alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mwenye kitambaa cha kujifutia jasho shingoni, na ilionekana wazi kwamba naye maisha yake aliyamalizia kwenye rafu. Mkurugenzi na Mama Pacing walimfuata nyuma kama watu wanaosindikiza maiti. Mama yule hakutazama rangi ya kijani. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu mpya, akavuta kitabu cha uuguzi, akachana nailoni kwa kucha.

Mkurugenzi akakohoa. Akasema chai iko tayari.

Mama yule akafunua ukurasa wa jina, akauona mhuri. Akageuka kwa Jovelyn, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama watu wa chama kimoja, "Wa siri?"

"Ishirini na tatu, mama."

Akafunua, akautazama. Akafungua kingine, na kingine. Mkurugenzi alikuwa ameinamisha shingo kuona anachokiona, na Jovelyn aliona uso wa mzee yule ukibadilika rangi, akadhani ni furaha.

"Mkutubi Mkuu," akasema mgeni. "Una muda gani hapa?"

Feni ya Mama Pacing ilinyamaza. Jovelyn alitazama picha yake ukutani. Ilitabasamu bila msaada.

"Miaka mitatu, mama."

"Miaka mitatu," mgeni akarudia. Akatazama kidole chake, kilikuwa na alama ya zambarau. Akakifuta kwa kile kitambaa cha shingoni, vizuri, mpaka kwenye kucha. "Wino wenu hapa ni mzito. Miaka yote haujakauka."

Akakirudisha kitambaa shingoni. Akasema basi, huko kwenye chai kuna nini. Kulikuwa na nguruwe mzima wa kuchoma, mwenye tufaha mdomoni. Mgeni alikula ngozi ya nguruwe huyo, ikasikika ikivunjika, akaandika alichoandika.

Chuo kilipata ithibati. Bango la turubai likapandishwa getini, uso wa mkurugenzi ukiwa mkubwa kuliko dirisha, likijipongeza. Na lori likarudi, kupitia upande wa nyuma.

Jovelyn alilikuta limesimama kando ya jenereta, Mzee Isko akikunjua maboksi yake, na akapiga mbio akisema mzee aache, amekwisha kumshika. Mzee Isko hakukimbia. Alimwonea huruma, ndivyo ilivyoonekana usoni mwake. Alimwambia kwamba vitabu ni vya duka la vitabu la mjini, vilikodiwa kwa ajili ya wageni, kila chuo hufanya hivyo, hata duka lina bei yake ya kukodi. Yeye aliagizwa tu atunze maboksi na ahakikishe idadi.

"Nilidhani umeambiwa, dada. Wewe si mkubwa?"

Dereva alikuwa amefungua kitabu kimoja ili akague kama kimechafuka.

Ofisini, mkurugenzi hakupaza sauti. Alimkaribisha kiti. Mama Pacing alisimama mlangoni, akiuziba.

"Nani alikwambia upige mhuri, mwanangu?"

"Wewe, mkurugenzi. Ulisema vionekane vyetu."

"Vionekane," akasema mkurugenzi kwa upole. "Sikusema viwe."

Jovelyn akaeleza kuhusu maboksi, kuhusu mlinzi, kuhusu simu. Akasema aliogopa vitaibiwa. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba hilo ndilo linalomsikitisha zaidi, ndani ya familia kuwe na mtu anayewashuku wenzake. Duka limekataa kuvipokea. Chuo sasa kimelazimika kuwa na vitabu. Kwa wema wake hatampeleka polisi. Jovelyn ataacha kazi kwa hiari yake mwenyewe, leo, na mshahara wake utabaki chuoni kufuta machungu. Mkataba haukuwahi kuandikwa, kwa hiyo hakuna cha kuvunja.

Jovelyn aliinuka. Aliomba leseni yake ukutani.

"Hiyo inabaki," akasema Mama Pacing. "Wageni hurudi kuhakikisha. Halafu fremu ni mali ya chuo."

"Mniandikie basi barua ya uzoefu."

"Ya muda gani?"

"Miaka mitatu, mama."

Mama Pacing akasikitika, kwa dhati kabisa. "Usiwe mwongo, binti. Bado mdogo."

Nyumbani Jovelyn alisema tu kwamba kazi imeisha. Mama alifunga majani ya mgomba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kamba zikakatika.

Shule moja ya masista, ng'ambo ya mto, ilikuwa inatafuta mkutubi. Sista mkuu alimpenda. Aliona kadi ndogo ya leseni, ile ya mfukoni inayotolewa pamoja na cheti cha ukutani, akasema uzoefu si neno, atafundishwa hapo hapo, na Jovelyn karibu aangushe kikombe. Ikabaki kupiga simu kule alikotoka, kwa adabu tu. Sista akapiga. Akasikiliza. Akaweka simu chini, na uso wake ulikuwa umefungwa.

"Wanasema wewe bado uko kwao. Mkutubi Mkuu, muda wote. Wamekusajili mpaka ithibati iishe."

Jovelyn akasema si kweli, wamemfukuza.

"Mwanangu, hata jina lako nimesomewa lilivyoandikwa ukutani." Sista alimrudishia kadi yake. Alisema shule za kanisa hazinyang'anyani watumishi, na kwamba msichana anayekana mahali anapokula chakula anampa mashaka.

Ikabaki Hong Kong. Wakala alisema vizuri sana, matajiri wa kule siku hizi wanapenda yaya mwenye shahada, watoto hupata msaada wa masomo. Alitaka pasipoti, cheti cha afya, na barua ya mwajiri wa mwisho kwamba amemwachilia. Jovelyn akamwambia hana mwajiri. Wakala alibonyeza kompyuta yake, akageuza kioo ili aone mwenyewe jina lake chini ya jina la chuo.

Siku aliyokwenda kuiomba barua hiyo hakuvaa viatu vya Rhoda. Alivaa kandambili. Bango la turubai lilikuwa bado linapepea getini, pembe moja imefunguka, jicho moja la mkurugenzi limekunjwa. Mzee Isko hakuwapo. Kampuni ya ulinzi ilikuwa imembadilisha baada ya mambo ya lori. Mlinzi mpya alikuwa kijana mwenye sare iliyokunjwa vizuri na adabu ya wiki ya kwanza. Nyuma yake, kwenye ubao, palikuwa na tangazo jipya. Chuo kilihitaji Mfuta Vumbi wa Maktaba. Awe na haiba ya kupendeza. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitatu. Leseni haihitajiki.

Mlinzi alimsogezea kitabu cha wageni. Jovelyn akaandika tarehe. Akaandika jina la kijiji chake. Penye sababu ya kuja, akaandika barua. Penye mtu anayemtaka, kalamu ikasita. Mama Pacing alikuwa amekwisha kumwambia kwenye simu kwamba hataingizwa kwake, wala kwa mkurugenzi. Akafikiri kidogo, akaandika Mkutubi Mkuu.

"Na jina lake, dada?"

"Jovelyn Sumalpong."

Kijana akainua simu ya ndani, akaongea kwa heshima, akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Akaweka simu chini.

"Yuko mkutanoni," akasema. "Wamesema leo ana shughuli nyingi, labda jioni. Unaweza kumsubiri pale."

Jovelyn akatazama benchi, akaenda, akakaa. Ng'ambo ya ua, mlango wa maktaba ulikuwa na kufuli, wanafunzi wawili wakisoma kwenye ngazi zake wakiwa wameegemea kuta za kijani. Ndani, kwenye rafu, vitabu vilimeta katika nailoni zao. Na nyuma ya kioo, katikati ya Mtoto Yesu na kizima moto, Mkutubi Mkuu alikuwa kazini, ametoa meno yote, kama alivyoambiwa.